Ukoo wa Mzee Kilonzo Chini ya Hadubini

Jumatatu, 5 Machi 1979. Nunguni.
Siku ya kumi na moja bila Syokau. Muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, nimeunguza tena. Mke wangu yuko kwao Mbooni na mtoto, na hashuki. Sababu: mwana wetu wa pili alistahili jina la baba wa Syokau, Mzee Kilonzo, kama ilivyo desturi. Mimi nikampa la hedimasta wangu, Mbuvi. Nilitaka unaibu wake shuleni. Unaibu kapewa mwalimu Kiema wa jiografia, mtu wa kucheka kwa pua!

Lakini dawa ninayo. Daktari mmoja wa chuo kikuu alinipa mchanga wa Malindi nimchambulie vijidudu vya baharini. Mwili wa seli moja tu, na gamba juu. Kimoja hakifanani na chochote katika chati yake. Jenasi mpya, yaani ukoo mpya wa viumbe! Mchoro nilimtumia mwezi jana. Mvumbuzi ndiye hutoa jina. Kilonzoina! Ukoo mzima, si mtoto mmoja wa kulialia.

Jumanne, 6 Machi.
Nimepanda Mbooni, magoti yameisha. Nikamwambia Mzee kwamba ukoo mzima wa viumbe wa baharini utaitwa kwa jina lake dunia nzima. Akanusa ugoro, akauliza kama wana pembe. Nikasema wana gamba. Akafikiri kobe. Sikumsahihisha. Jogoo akachinjwa! Ijumaa atakuja shuleni kuwaona, na wazee wawili. Syokau ananitazama tu. Ananijua, huyu.

Alhamisi, 8 Machi.
Balaa. Barua ya Daktari. Jenasi yangu ilishapewa jina zaidi ya miaka mia iliyopita. Changu ni kile kile, ila kimevunjika nusu. Kiema aliisoma barua kabla yangu. Pua ikafanya kazi.
Lakini ngoja. Kama kuvunjika kunaleta sura mpya... Nikachukua sindano, nikavunja kingine upande wa pili. Hakimo kwenye chati! Mimi si mjinga.

Ijumaa, 9 Machi.
Wamefika, Syokau na mtoto nyuma yao. Wazee wamebeba gunia la kumtilia mnyama. Mzee akainamia hadubini, akauliza yuko wapi. Nikamwonyesha ile chembe. Akainua kichwa, akasema polepole, "Huyu ndiye mimi?"
Nikaanza kueleza habari za jenasi. Ugoro ukamshika, akapiga chafya. Ukoo wote ukapeperuka! Nikatambaa sakafuni kuutafuta, aibu mpaka masikioni.
Syokau akasema, "Mpe mtoto jina la baba. Jumapili, akibarikiwa kanisani. Hilo tu." Nikaapa mbele ya wazee. Amebaki. Jioni nimekula chakula cha binadamu, karibu nilie.

Jumapili, 11 Machi.
Mchungaji akauliza jina la mtoto. Mzee Kilonzo kavaa koti jipya. Nikafungua kinywa. Papo hapo nikamwona chifu, benchi la mbele, na wiki ijayo anagawa ploti za soko. Nikasema Ndululu. Ni jina la chifu.

Syokau amerudi Mbooni, safari hii na sufuria zote. Nimeumia, sikatai. Ila nimefikiria vizuri: Mzee alichukizwa na udogo tu. Nyota nazo hupewa majina, na nyota ni kubwa. Kesho napanda tena Mbooni.