Kabati la Bibi na Alama ya Taji

Jumatatu, 3 Machi
Kabati la marehemu bibi limeingia sebuleni. Wabebaji wanne, na mlango wa nyumba ukang'olewa. Lo! Refu kunishinda, jeusi tititi, halina msumari hata mmoja. Mbao zimeumana kama meno. Nimelizunguka nimevua viatu. Umri? Miaka mia tatu, haipungui. Binamu Kidomodomo, aliyerithi kitanda, kasema ni la juzi tu. Wivu huo!

Jumanne, 4 Machi
Nimechomoa droo ya chini, nikaingiza kichwa. Kwenye ubao wa nyuma kuna alama iliyofifia. Taji! Mwili ukanisisimka. La mfalme, basi! Kichwa kikakwama. Mke wangu kanipaka mafuta ya kupikia masikioni ndipo nikachomoka. Kauliza kama sasa anaweza kupanga nguo zake. Nikamwambia nguo zetu sisi akina yakhe hazilali kwa mfalme. Nguo ziko sakafuni. Nami nimepangiwa huko huko.

Jumatano, 5 Machi
Mtaalamu wa makumbusho atakuja Ijumaa. Nimealika mtaa mzima. Kidomodomo atakaa mbele kabisa, asikie vizuri. Ili uzee uonekane zaidi, nimeloweka mlango mmoja wa kabati kwa chai ya rangi. Umevimba. Haufungi.

Ijumaa, 7 Machi
Mtaalamu kamulika tochi, mama wa watu, kisha akasema taratibu: taji ni nembo ya kiwanda cha mashine za kusaga. Kabati limeundwa kwa mbao za masanduku ya mashine hizo. Kidomodomo kacheka mpaka akashika ukuta. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo shangazi akainuka. Kasema kabati aliliunda mama yake. Bibi! Mwaka ule mafuriko yalipobeba nyumba, babu yuko hospitali kavunjika nyonga. Bibi akaokota masanduku matupu kwenye kinu cha kusaga nafaka. Misumari hana. Akabomoa kiti kibovu, akakiunga, akakibomoa tena, mpaka mikono ikajua. Rangi ni masizi na mafuta ya nyonyo.

“Na sisi watoto tulilala humo,” kasema, “kila mtu na droo yake, mpaka nyumba iliposimama. Baba yako alilala hii ya chini.”

  Kidomodomo kavua kofia. Mtaalamu kapitisha kidole kwenye maungio, kasema hajaona kazi kama hii. Umri umepatikana: kabati na baba yetu mdogo wa mwisho ni marika. Alizaliwa juma lile lile, akafungua macho ndani ya droo.

Nililigusa. Miaka yote nikimjua bibi, kumbe simjui.

Jumamosi, 8 Machi
Nguo zimepangwa. Nimekwenda kumshukuru shangazi. Kanikaribisha kwenye kigoda. Chini ya kigoda, vidole vyangu vikagusa mchoro. Nikapinduka kutazama. Simba! Shangazi kasema alikinunua sokoni mwaka jana. Maskini, hajui anachokalia. Nimempigia simu mtaalamu mara kadhaa. Hapokei. Bila shaka ukubwa wa jambo umemtisha. Mtaa mzima nimeshaualika.