Kiti cha Dirishani na Sabuni Mbili za Baridi

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika. Kalamu imetoboa ukurasa wa kwanza, huu ni wa pili.

Kiti cha dirishani kiko wazi. Kinyozi mkuu kastaafu, karudi kwao na mgongo wake. Mimi nina miaka kumi na miwili kwenye kiti cha pili, kando ya sinki, ambako upepo haufiki na wateja hufika wakiwa wamepotea. Kiti kile ni changu. Kila mtu anajua. Chenyewe kinajua, nikikipita hulia.

Asubuhi kaingia Shemeji. Mdogo wake mke wangu, kinyozi wa kiti cha tatu, miezi minane tu kazini. Mkononi kopo la bati. Sabuni ya kunyolea yenye mentholi! Kampaka mstaafu wa posta. Mteja WANGU. Shavu lile nalijua miaka kumi na mmoja, kila kona. Mstaafu kafumba macho, kasema sabuni hii inapoza mpaka mawazo.

Nikasema kwa sauti kwamba mimi pia ninayo ya baridi, natengeneza mwenyewe nyumbani, na hiyo ya kopo ni maji ya kunawa tu. Sinayo. Sijawahi kutengeneza sabuni maishani. Lakini mtu hawezi kunyamaza tu.

Mama mkwe ndiye mwenye saluni. Hukaa mlangoni na miwani yake, anafuma, hasemi sana. Leo kasema. Kasema vizuri sana, basi Jumamosi tushindane, kirafiki. Waamuzi watatu waliofungwa macho, kila uso nusu yangu, nusu ya Shemeji. Baada ya hapo ataamua nani anakaa wapi.

Kirafiki! Lakini ni mama mkwe. Nikainama, nikasema ahsante Mama, nikaenda kulikamua taulo lililokuwa kavu.

Jumanne, 4 Machi

Muuza dawa kaniuzia mentholi. Chembe nyeupe kama chumvi ya mawe. Kaniambia kwa sufuria nzima nitie kiasi cha ncha ya kisu. Nikamuuliza amewahi kunyoa watu wangapi. Kasema hata mmoja. Nilijua tu.

Nimekwangua miche miwili ya sabuni, nimeyeyusha kwenye sufuria ya mke wangu, nimetia vijiko vitatu. Mvuke ulipopanda nikalia. Mke wangu kaingia, kaniona machozi yananitiririka, kauliza kwa huruma nani kafa. Nikasema hakuna. Kaiona sufuria. Huruma ikaisha hapo hapo.

Kasema sufuria ile alipewa na mama yake. Nikamwambia asinitishe na mama yake, leo nimeshamwogopa vya kutosha.

Jumatano, 5 Machi

Chai ya asubuhi ilikuwa ya baridi ilhali inafuka moshi. Mke wangu kanywa funda moja, kaimwaga iliyobaki nje. Sikumweleza. Afadhali. Yeye ni dada yake mtu, sitaki siri zangu zivuke uzio.

Mchana nikamwita fundi cherehani wa mlango wa pili, nikampeleka nyuma ya saluni, nikampaka shavu moja kwa majaribio. Kwanza kacheka. Kisha kaacha. Kisha kaniuliza kwa upole kama shavu lake bado lipo. Nikamwambia lipo, naliona. Kasema yeye halisikii. Alirudi kushona na sindano mdomoni, ikaanguka mara nne, hakujua.

Saa mbili baadaye kaja kusema limeamka, lakini limeamka na hasira.

Kwa hiyo sabuni yangu ni mbovu. Naandika hapa tu, na nikifa ukurasa huu uchomwe.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji kaniletea kopo lake mwenyewe. Kasema, kwa adabu ile yake ya kuudhi, Shem, jaribu uone, kama kuna kasoro unishauri, wewe ndiye mkubwa. Nikamwambia sina muda wa vitu vya dukani.

Alipotoka kununua mkate nikajipaka.

Mungu wangu. Kama kulala kwenye shuka safi. Nilikaa nimefumba macho hadi mteja akauliza kama saluni imefungwa.

Sijawahi kumchukia mtu kiasi hiki.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza! Rahisi mno, najishangaa.

Waamuzi wamefungwa macho. Sabuni yake nyeupe, yangu nyeupe. Yake iko kwenye kopo la bati, yangu kwenye bakuli la kijani. Shemeji alikwenda kula saa saba. Nikakomba yote ya kopo, nikaiweka kwenye karatasi. Nikaikomba ya bakuli, nikaitia kwenye kopo lake, kisha yake kwenye bakuli langu. Nikalainisha juu kwa kidole, ikawa kama haijaguswa na binadamu.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, anafuma. Kauliza bila kugeuka kama nimepoteza kitu. Nikasema nafuta vumbi, Mama. Kasema Mungu akubariki, mkwe wangu, vumbi limezidi.

Mikono yangu imekufa ganzi mpaka viwiko. Naandika nikiikodolea macho kalamu ili nijue ninayo.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike kwa utaratibu nisije nikapasuka.

Waamuzi: mstaafu wa posta, mwalimu wa hesabu, na wa tatu, fundi cherehani! Mama mkwe kamchagua yeye mwenyewe, kasema ni jirani. Ningesemaje? Kwamba jirani huyu shavu lake lina kumbukumbu?

Watu wakajaa hadi barabarani. Mimi upande mmoja wa uso, Shemeji upande wa pili, viwiko vinagongana, yeye kila mara samahani Shem, samahani Shem. Ningemmeza.

Mstaafu alianza. Upande wangu kaguna kwa raha. Upande wa Shemeji kaanza kutokwa machozi chini ya kitambaa, kamtaja marehemu mkewe. Kachagua upande wangu, wa bakuli la kijani.

Mwalimu kanipa alama tisa na nusu. Shemeji kapata mbili, mwalimu kasema moja na nusu kati ya hizo ni za heshima. Shemeji akawa anaitazama mikono yake. Kaniambia taratibu, Shem, vidole sivisikii. Nikamwambia ni woga, utazoea.

Akaja fundi cherehani. Shemeji kampaka. Halafu jamaa karuka kutoka kitini na kitambaa machoni, kapiga kelele mbele ya mtaa mzima: "Hii naijua! Hii ndiyo ya Jumatano! Ya kule nyuma! Shavu limeondoka tena!"

Watu walicheka, walidhani anatania. Shemeji kaliangalia kopo lake. Kisha kaniangalia mimi. Mimi nikaangalia dari. Ina madoa kumi na manne.

Mama mkwe kaacha kufuma. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Kasema bakuli la kijani limeshinda, watu wote watatu wamekubali, tumpigie makofi mkwe wake. Nikapigiwa makofi! Nikaanza kutembea kuelekea dirishani. Nilikuwa nimeshashika mkono wa kiti.

Kasema ngoja, baba.

Kasema mtu mwenye kipaji cha sabuni kama hii ni dhambi kumchosha kwa kunyoa. Vinyozi wapo wengi. Kuanzia Jumatatu mkwe wake atakaa chumba cha nyuma, kwenye jiko, atengeneze sabuni ya saluni nzima. Ile ile ya leo. Shemeji, kwa kuwa hana kipaji hicho, maskini, atakaa dirishani.

Nikafungua mdomo. Kaniangalia juu ya miwani, kauliza kwa upendo kabisa, "Au kuna jambo unataka kuniambia, mkwe wangu?"

Nikasema hapana Mama. Ahsante Mama.

Nyumbani mke wangu alicheka akiwa ameelekea ukutani. Mabega yalimsaliti.

Jumatatu, 10 Machi

Chumba cha nyuma hakina dirisha. Kina sufuria. Ni ile ile, Mama mkwe kairithisha saluni.

Saa mbili kaja kuuliza sabuni iko wapi. Nikasema iko jikoni, Mama, haiharakishwi. Alipotoka, mlango ukasukumwa kidogo, ukaingia mkono wa Shemeji na makopo matatu kwenye mfuko. Kasema, Shem, chukua, tusimwangushe Mama. Kafunga mlango polepole asinishtue.

Angenipiga ningemshukuru. Nimeyahamishia makopo yote matatu kwenye bakuli la kijani huku nikitukana kimoyomoyo. Kutoka mbele nasikia mstaafu wa posta akiguna kwa raha. Dirishani. Kwenye kiti changu.

Nimefikiri siku nzima, na nimeliona kosa langu. Lilikuwa moja tu: fundi cherehani. Mpango wenyewe haukuwa na doa.

Mama mkwe katangaza kwamba wateja wamefurahi sana, kwa hiyo mwisho wa mwezi kutakuwa na shindano la mataulo ya moto, na viti vitatazamwa upya. Kirafiki. Nimeyaona mataulo ya Shemeji, ni sita, yako kwenye ndoo isiyo na kifuniko. Mentholi imebaki vijiko viwili.

Safari hii wa majaribio nimemchagua kwa akili. Mwoka mikate wa pembeni. Mashavu mapana, maneno machache, kesho anakuja kwa mlango wa nyuma. Ni mdogo wake Mama mkwe, mtu wa nyumbani kabisa. Hawezi kunisema.