Kinanda cha Kuwashia Taa

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Siku kubwa! Nimeifufua laptopu iliyokuja na taa za ukumbi wetu hapa Ipagala. Programu ya taa za jukwaa imo, nzima kabisa. Ina mawio! Ina radi! Tatizo moja dogo: hupokea amri kutoka kwenye kisanduku chake cha vitufe, na kisanduku kilipotea zamani. Kampuni yenyewe imeshafungwa. Gerson, msimamizi wa ukumbi, akasema Jumamosi kwenye tamasha la kwaya tutumie swichi za ukutani kama siku zote. Swichi za ukutani! Mtu hana maono.

Jumanne, 5 Agosti
Nimezunguka mjini kutwa. Mzee Harshad wa duka la vifaa vya umeme aliipokea shikamoo yangu, ombi langu hakulipokea. Akasema visanduku vile havitengenezwi tena, ninunue cha kisasa pamoja na programu yake. Nikamshukuru. Sinunui. Nitaunda!

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata! Kumbe programu inasikia hata kinanda cha umeme. Kitufe kimoja, taa moja. Nimemwambia Mama Restuta, kiongozi wa kwaya, kwamba kinanda chao kina vumbi, nikakisafishe. Akanibariki. Moyo ukanichoma kidogo. Nikabonyeza do: nyekundu! Re: buluu! Nikaruka, nikagonga kichwa kwenye rafu. Mke wangu Edina akauliza kama nimeumia. Nikamjibu nimefaulu.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama Restuta anataka kinanda chake. Balaa! Nimefikiri dakika tano, nimekirudisha, na waya nimeupitisha chini ya zulia hadi kwenye laptopu. Mpigaji wao, Zablon, atapiga nyimbo, taa zitacheza zenyewe! Sijamwambia mtu. Mambo makubwa hayatangazwi.

Jumamosi, 9 Agosti
Saa kumi alasiri, mapazia yamefungwa, ukumbi umefurika, wageni wengine wametoka mbali, hata Chamwino. Wimbo wa kwanza: wa kuwakumbuka marehemu. Zablon akagusa kinanda. Radi! Nyekundu! Kijani! Radi tena! Mchungaji akajifunika uso kwa Biblia. Bibi mmoja akapiga vigelegele. Zablon kwa hofu akaangukia vitufe kwa viwiko vyote viwili. Programu ikazidiwa, taa zote zikazimika. Giza totoro.
Na kwaya ikaendelea kuimba. Bila kinanda, sauti nne, gizani. Hakuna aliyekohoa. Hata laptopu niliisahau.
Kisha Gerson akawasha swichi zake. Mama Restuta akanijia polepole, na huo upole ndio ulionitisha. "Kaka Optatus, hilo ndilo vumbi ulilosafisha?"
Kuanzia leo kazi yangu ya taa kapewa Gerson.

Jumapili, 10 Agosti
Nimeomba radhi mbele ya kwaya nzima. Wamenisamehe. Nimerudi nyumbani, nimelichunguza kosa bila upendeleo: ni la Zablon. Alipiga noti nyingi mno.
Habari njema! Luka wa Chamwino anaoa Jumamosi ijayo na hana mtu wa taa. Nimeshamwahidi. Mzee Harshad ana mashine kuukuu ya risiti, vitufe arobaini, na chini ina droo ya pesa inayofyatuka yenyewe. Nawaza kuweka njiwa ndani.