Nyota Niliyoiweka Jikoni

Leo nimeaibika katika nchi mbili, na jua bado halijazama.

Mnajua mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tororo, na mnajua siamini mtu. Asubuhi mkuu wa shule alikuja ukumbini kuamua kama klabu yangu ya nyota iendelee, au muda wake apewe mwalimu wa kilimo (aliyekaa mbele kabisa, akitabasamu. Nilimshuku tangu hapo).

Nikafunga mapazia, nikawasha taa ndogo nyekundu mwisho wa ukumbi. Hiyo ndiyo nyota yetu. Nikaeleza: zile nyota nyekundu ndogo ziitwazo vibete, hatuendi kuzipima kwa futi. Tunapasua mwanga wake, rangi zinatuambia ni nyota ya aina gani. Ukijua aina, unajua inawaka kwa nguvu gani. Linganisha na mwanga unaokufikia, umbali umepatikana. "Na hizi za jirani," nikajigamba, "katikati hapana vumbi la maana la kuzuia mwanga."

Wanafunzi wakapasua mwanga kwa kipande cha CD, wakasoma aina. Mimi nikapima mwanga kwa simu, nikapiga hesabu. Jibu: nyota iko nje ya ukuta, jikoni, karibu na sufuria ya posho.

"Madam," mkuu akasema, "mimi naona taa iko hapa. Wewe naweka jikoni?"

Nikajua nimeuziwa taa feki, mwanga wake hafifu ndio unaoifanya ionekane mbali. Niliinunua Busia, upande wa Kenya, kwa Mama Nekesa, na siku ile alinipunguzia bei haraka mno. (Nani hupunguza bei haraka?) Mkuu alikuwa na safari ya Busia. Akanipakia garini, tukaenda.

Dukani nikapima taa ya kwanza. Hafifu. Ya pili, hafifu. Nikapima kila taa iliyokuwa ikiwaka, zote hafifu. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikatangaza kwamba duka zima ni feki.

"Lakini Madam, si unaziona vile zinawaka?" Mama Nekesa akauliza kwa upole (upole wenyewe ukanitia shaka). Watu wakajaa. Nikamwita askari aliyekuwa akipita.

Askari akanisikiliza, macho yake kwenye simu yangu. "Madam, tuanze na hiyo plastiki. Huku Kenya kaveera hairuhusiwi."

Kaveera. Simu yangu nilikuwa nimeivalisha mifuko miwili ya plastiki, mmoja juu ya mwingine, kuikinga na vumbi la saruji la kiwanda cha mjini kwetu na vidole vya wanafunzi. Kamera ilikuwa inachungulia humo tangu asubuhi. Askari akaivua mifuko, nikapima tena. Taa zote nzima.

Niliona haya hata kuomba radhi, nikaomba kwa kunong'ona. Mama Nekesa akanisogezea kiti. Mkuu alicheka mpaka akashika kaunta.

"Klabu nabaki," akasema. "Lakini simu, mwalimu wa kilimo ndiye nashika." Akampigia pale pale, naye akakubali.

Naomba msicheke. Niambieni tu: kwa nini amekubali haraka hivyo?