Siku Mashini Iliponivua Kikoi

Wandugu, leo nimefedheheka. Mchana kweupe, Ijumaa, mbele ya wanawake watatu wenye heshima zao. Naandika humu kabla hamjasikia kwa watu, maana Msambweni habari hailali. (Najua kundi letu hili la wazee wa karakana ya kiwanda cha sukari limekufa ganzi. Tangu Idi ni mimi tu ninayeandika "Asalaam aleikum" kila asubuhi. Leo nisomeni.)

Mnaikumbuka ile mashini ya kuchonga chuma niliyoinunua Ukunda, ile ya kuzungusha kwa mikono? Nimeiweka sebuleni. Ndiyo, sebuleni, palipokuwa na kochi. Mke wangu, Mama Saumu, alikwenda Maskati kwa binti yetu aliyejifungua. Alikwenda kwa arobaini moja tu. Mtoto sasa anakimbia na arobaini haijaisha. Basi wa kunikataza ni nani?

Nikaamua kuibadilisha iendeshwe na kompyuta. Niling'oa mikono yote ya kuzungushia, nikatia mota tatu, waya, na kompyuta ya zamani ya Saumu. Unachora ua kwenye kompyuta, mashini inalichonga yenyewe, wewe umekaa unakunywa chai. Nimejifunza kwa video za Wahindi. (Mota nimezielewa. Kihindi bado.)

Sasa, kwa nini ua? Hapo ndipo penye aibu yangu.

Bi Mejumaa, jirani yangu, aliusiwa na mke wangu anitazame. Basi kila Ijumaa baada ya sala aliniletea chakula. "Hodi humu!" Nami, "Karibu!" Ataulizia Maskati, ataulizia mgongo wangu, ataweka chombo barazani na kwenda zake. Dakika tano. Nitasema kweli, wandugu: hizo ndizo zilikuwa dakika zangu za wiki nzima. Siku nyingine nilizungumza na mota.

Na mnajua kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Mimi kupika sijui. Nimrudishie mtu bakuli jeupe, nionekane sikufunzwa kwetu? Nikawa naviosha, navipanga mezani, nangoja siku nitakayopata cha kutia. Bakuli la kwanza. La pili. Hotipoti. Kawa lake la ukili la kufunikia chakula. Mwisho sinia kubwa la alumini.

Kisha Ijumaa moja hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu pia. Nikajua nimemuudhi. Nilikaa barazani na kanzu yangu ya msikitini mpaka alasiri. Pilau siitaki, naitaka hodi.

Ndipo nikapata akili. (Niliiita akili.) Nitamrudishia sinia lake limechongwa ua la asumini katikati! Hapo nani atasema limerudi tupu? Wiki hii nzima sikufanya jambo jingine. Nimefunga mota, nimefungua, nimefunga tena, mpaka mashini ikatii.

Leo nikarudi msikitini, nikavua kanzu, nikabaki na fulana na kikoi. Mnaijua sheria ya kwanza ya karakana. Mimi mwenyewe niliwafokea watu kwa sheria hiyo miaka na miaka: nguo inayoning'inia iko mbali na mashini! Lakini hapa si kiwandani. Hapa ni kwangu, na mwanamume wa pwani akiwa kwake Ijumaa mchana huvaa nini? Jibuni wenyewe.

Nikalibana sinia kwenye meza ya mashini. Nikabonyeza. Kisu kikashuka, jani la kwanza la ua likatokea, jembamba, linang'aa, halina kasoro. Wandugu, machozi yalinilengalenga. Nikageuka nimwonyeshe mtu. Hapakuwa na mtu.

"Hodi humu!"

Bi Mejumaa! Nikaruka. Na katika kuruka huko, pindo la kikoi likapita pale nilipong'oa mkono wa kuzungushia, ambapo skrubu ndefu inayoisukuma meza imetokeza na inazunguka wazi. (Kifuniko nilipanga kukitia kesho.) Skrubu ikaliuma pindo. Ikaanza kulikunja, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekunja mkeka.

Zama za mikono ningeacha kuzungusha, basi. Kompyuta haina habari. Imeambiwa ua, inachonga ua. Na kitufe cha kuisimamisha nilikiweka wapi? Ukutani, upande wa pili wa chumba, nisije nikakigusa kwa bahati mbaya! (Fundi huyo.)

Skrubu ikavuta, nikaenda kushoto. Ikageuka, ikaniachia kidogo, nikasema nimeokoka. Ikavuta tena. Jani la pili la asumini nililicheza lote, mikono miwili kiunoni.

"Hodi!" Mara ya pili.

Sasa nilimjibu nini mtu niliyemngoja wiki zote hizo?

"Usiingie!"

Nikamsikia nje akisema na wenzake, "Mwasikia? Hodi yajibiwa usiingie! Tangu lini? Huyu hayuko salama."

"Niko salama! Ngojeni tu!"

"Na hizo kelele ni za nini, Baba Saumu?"

"Si mimi, ni mashini! Inachonga!"

"Yakuchonga wewe? Lahaula! Ingieni, ataumia huyu!"

Mlango ukasukumwa. Nikanyoosha mkono mmoja niuzuie. Mkono uliobaki haukutosha. Kikoi kikaenda.

Nikabaki nimesimama mbele ya Bi Mejumaa na wanawake wawili wa chama chake, na fulana, na bukta. Bukta yenyewe ni ile aliyoniletea Mama Saumu kwa mtu aliyekuja kutoka Maskati. Ya manjano. Ina mananasi. Nikanyakua cha karibu nijisitiri. Kawa lake la chakula!

Nyuma yangu mashini iliyosongwa na kikoi ikapoteza hesabu. Ikaliacha ua, ikalipasua sinia kutoka katikati mpaka ukingoni. Kriiii! Kisha ikakwama, na stima ya nyumba nzima ikakatika.

Mmoja wa wale wanawake aliuficha uso ndani ya leso, lakini mabega yalimsaliti. Bi Mejumaa hakucheka. Alitazama sinia. Alitazama kawa. (Nikalishika vizuri zaidi.) Akatazama vyombo vyake vyote vilivyopangwa mezani, vinang'aa.

"Baba Saumu," akasema, "kesho nina hitima ya kumsomea marehemu mama. Nilikuja kuomba vyombo vyangu."

"Nilidhani umekasirika. Ijumaa tatu hukuja."

"Ningekuja na nini? Vyombo viko kwako! Pilau ningekumiminia mkononi?"

Nikamweleza yote, vivyo hivyo nilivyosimama. Kwamba chombo hakirudi kitupu. Kwamba sina cha kutia. Kwamba ndiyo maana ua, ndiyo maana mota. Nikajikuta nimemwambia hata habari ya kukaa barazani na kanzu. Sijui kwa nini nilimwambia hilo. Yule wa leso akaacha kucheka.

Bi Mejumaa alikuwa akitazama nje dirishani.

"Mti ule uani ni mti gani?"

"Mdimu."

"Umezaa?"

"Umezaa mpaka zinaoza chini."

"Basi si ungetia ndimu mbili?"

Wandugu! Mimi fundi wa miaka yote ile, nimekaa peke yangu wiki nne kwa kukosa ndimu mbili, na ndimu zinanidondokea uani.

Nikaingia chumbani, nikavaa suruali. Nikatoka uani nikachuma. Kila chombo nikatia ndimu, hata hotipoti, hata kawa nililigeuza nikalijaza. (Nililifuta kwanza. Msiniulize zaidi.) Wakajitwika, wakatoka. Mlangoni Bi Mejumaa akageuka.

"Sinia hilo baki nalo, likukumbushe. Kesho wanaume watasomea uani kwangu baada ya alasiri. Uje. Na Ijumaa nitapika, vyombo sasa ninavyo."

"Inshallah, Bi Mejumaa."

"Na suruali uvae."

Nikawasikia wakicheka njia nzima mpaka kwake, yeye akiwashinda wote.

Stima nimeirudisha. Kikoi bado kimo kwenye skrubu, kitahitaji kisu. Ua lina majani mawili tu, lakini hayo mawili, wallahi, yametoka sawasawa.

Sasa ombi. Msinicheke. Na mkishindwa kujizuia, chekeni kwa kuandika humu, msicheke kimoyomoyo. Tangu Idi ninabisha hodi na hamnijibu.