Chini ya Kalenda ya Flamingo

Leo nimejiaibisha. Tena nyumbani kwetu Usa River, mbele ya mama yangu, kaka yangu, na fundi ambaye hata jina lake sijalijua.

Kisa ni tranking. Kwa asiyeijua, ni ule mfereji mweupe wa plastiki unaogongwa ukutani kuficha nyaya za umeme. Sebule ya mama imezungukwa na tranking alizoweka marehemu baba kwa mkono wake. Baba alikuwa fundi umeme. Zimegeuka rangi ya chai ya maziwa sasa, lakini hakuna hata moja iliyolegea.

Wiki iliyopita mama aliwekewa soketi ya friji, waya ukabaki uchi ukutani. Kaka Eliudi akapata sababu. "Tung'oe madude haya yote ya kizamani, nyaya zifukiwe ukutani kama kwa watu." Nikawaka. (Kwa baba huwa nawaka.) Nikamwambia hakuna cha kung'oa, hicho kipande kimoja naweka mimi. Akacheka.

"Sawa, Penda. Jumamosi saa nane nakuja na fundi. Kikikaa sawa, za baba zinabaki. Kikikataa, anaanza kung'oa."

Jumamosi ndiyo leo. Saa tatu asubuhi nipo duka la vifaa vya ujenzi. Nikachukua tranking moja, nikaomba msumeno.

"Unakatia nini, dada?"

"Hii hii tranking."

Muuzaji akanipa msumeno wa kukatia chuma: fremu nyembamba, bledi nyembamba, meno mpaka uinamishe kichwa ndiyo uyaone. Nikamrudishia. Msumeno wa baba naukumbuka mimi! Ulikuwa mkubwa, akiingia nao ndani unaona mlango umejaa. Nikamwonyesha jitu moja lililoning'inia nyuma yake, meno kama ya mamba.

"Huo ni wa mbao, dada. Plastiki itapasuka."

"Kaka, mimi ni mtoto wa fundi."

Akanifungia kwenye gazeti. (Biashara ni uvumilivu.)

Nyumbani nikapima, nikaweka alama ya penseli, nikalaza tranking juu ya kigoda. Nikavuta mara ya kwanza, ikaruka. Nikaikanyaga, nikavuta kwa nguvu zote. Paa! Ufa ukaanzia kwenye alama ukakimbilia upande ninaoutaka.

Mama akachungulia kutoka jikoni. "Unachinja nini?"

"Nakata tranking, mama."

"Na hilo lipanga? Si uchukue wa baba yako? Upo juu ya kabati, huwa nakatia mifupa ya supu."

Nikapanda kiti, nikaushusha. Jamani, ni mdogo! Ni ule ule niliomrudishia muuzaji, tofauti yake ni mpini uliozungushiwa tepu nyeusi. Haukuwahi kuwa mkubwa. Mimi ndiye nilikuwa mdogo. Nikakaa kwenye kigoda nimeupakata, na baba akanijia mzima mzima: vumbi jeupe la plastiki kwenye nyusi, namna alivyopuliza alama kabla ya kukata. "Usiukandamize, mama," alikuwa akiniambia. "Upe njia tu." Nimem-miss mno baba yangu.

Nikaupa njia. Ukapita laini, kipande kikatoka safi. Tatizo moja tu: ilibidi nikate mpaka ufa uishe, kwa hiyo kikapungua vidole vinne. Na tranking nilinunua moja, na kwa yule muuzaji sirudi ng'o. Nikakigonga ukutani hivyo hivyo.

Saa nane kamili, Kaka na fundi wake mlangoni. Fundi akakitazama kipande changu, akautazama waya unaochungulia kwenye pengo, akakohoa. Kaka akaanza kutabasamu.

Hapo ningenyamaza. Mdomo huu!

"Leo msumeno umenisumbua," nikasema. "Lakini nikiwa darasa la tatu nilikata kipande kimoja humu ndani, na kimekaa sawasawa mpaka leo. Fundi, njoo nikuonyeshe."

Kipande hicho kiko chini ya kalenda yenye picha ya flamingo wa maziwa ya Momela, kalenda ya mwaka huo huo wa darasa la tatu. Siku ile baba alinipa msumeno, nikakata, kisha akanituma maji. Niliporudi, kipande kipo ukutani na kalenda juu yake. "Kimekaa kama kimeota hapo," akaniambia. Miaka ishirini na tano nimekuwa nikijisifia kipande kile. Shuleni. Kanisani. (Hata kwenye usaili wa kazi, na mimi ni mpishi.) Na kila tulipotaka kuitoa kalenda, baba alikataa. Alisema anawapenda flamingo.

Nikaishusha.

Pengo! Vidole vinne. Limezibwa kwa tepu iliyopakwa rangi nyeupe. Pembeni yake, kwa penseli, mwandiko wa baba. Kaka akausoma kwa sauti, tayari ana kicheko mdomoni: "Amekata Penda. Fupi. Isitolewe."

Fundi akalipima pengo lile kwa vidole, akaenda kulipima na la leo. "Dada," akasema kwa heshima zote, "mkono wako haujabadilika."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe alikuwa anajua! "Baba yako aliniapisha," akasema, anafuta machozi. Ila kaka kicheko kilimkwama. Alisimama pale akausoma tena mwandiko ule, kimya kimya safari hii.

"Imeandikwa isitolewe," akamwambia fundi. "Ziba hilo pengo kwa tepu, tunywe chai."

Fundi akaziba. Mama akaleta kalenda ya usharika ya mwaka huu, na nyundo, akaitundika juu ya kipande changu kipya.

Kwa hiyo mkija kwetu mkakuta kalenda mbili sebuleni, someni tarehe, mnywe chai. Msifunue.