Pezi la Katriena

Jumatatu, 3 Juni
Upepo wa kaskazini-magharibi. Hakuna mashua iliyotoka Kleinbaai. Nimeshinda bandarini nikiponda vichwa vya jodari kwa chambo cha kesho, cha kuwavutia papa waje watazamwe na watalii wetu. Nanuka kiasi kwamba mbwa wa jirani amenisindikiza hadi mlangoni.

Jioni Rozelle akapiga simu kutoka Cape Town. Anaondoka tarehe ishirini, anakwenda Ireland kuuguza wazee kwa miaka mitatu. Akasema hatapata nafasi ya kuja kuniaga. Nikamwambia hakuna shida mwanangu, mimi mwenyewe nina kazi hadi shingoni. Akaanza kuaga. Hapo mdomo wangu ukajiendea. Ukamwambia Katriena amerudi.

Katriena ni papa mweupe. Zamani kila papa wa hapa tulimpa jina kwa alama za pezi lake. Huyu alikuwa na mikato mitatu kwenye ukingo wa nyuma wa pezi. Rozelle, akiwa na miaka tisa, akampa jina la mama yake, kwa sababu alifika wa kwanza kwenye chakula na kuwafukuza wengine wote. Mke wangu alicheka hadi akakaa sakafuni.

Mke wangu yuko makaburini mwaka wa nne sasa. Papa weupe nao walitoroka tangu nyangumi wauaji waanze kuwala maini. Sijamwona hata mmoja kwa miaka.

Rozelle akasema anakuja Alhamisi. Sauti yake ilikuwa ya yule mtoto. Nimefurahi. Nimeangamia.

Jumanne, 4 Juni
Nina mpango. Nimekata pezi kutoka suti kuukuu ya kuzamia, nikalikaza kwa waya. Mikato mitatu, kama kwenye picha iliyo ukutani jikoni. Kazi safi kabisa. Lakini pezi haliwezi kuelea peke yake. Linahitaji ubao.

Nyumba nzima ubao ulionyooka, tena unaong'oka kwa urahisi, ni mmoja tu, wa fremu ya mlango wa stoo. Ni ule ambao Katriena alichonga urefu wa Rozelle kwa kisu, kila siku ya kuzaliwa. Nilisimama nao mkononi kwa muda. Kisha nikajiambia, nani bado anakua katika nyumba hii? Nikaupigilia pezi juu na chupa mbili tupu za soda chini. Mlango wa stoo haufungiki tena. Nimeuzuia kwa gunia la viazi.

Jumatano, 5 Juni
Attie Koopman ameanza kunusanusa. Huyu ndiye mwangalizi wetu, anakaa juu ya mashua na kupiga kelele akiona kitu. Tangu aonwe kwenye televisheni hasalimii mtu kwanza. Akauliza nini kimefungwa kwenye turubai nililoingiza mashuani. Nikamwambia dawa ya mgongo. Akasema mgongo wangu una umbo la ajabu.

Alhamisi, 6 Juni
Siku yenyewe. Niiandike haraka kabla sijaanza kuipamba.

Rozelle alifika kwa basi la kwanza. Amekonda. Ana mwendo wa mama yake, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Bahari ilikuwa shwari. Tulipita pengwini kwenye miamba, sili kwa mamia wakipigana vikumbo, hata nyangumi na ndama wake wakipumua taratibu karibu nasi. Wageni wakapiga picha. Rozelle hakupiga hata moja. Alikuwa akitazama maji tu, akitafuta.

Tukatia nanga, tukashusha majini kizimba cha chuma, ambamo wageni huingia kutazama papa. Nikamwaga chambo. Papa shaba wakaja watano, wazuri, wa kawaida. Rozelle akavaa suti akaingia kizimbani na wageni wengine. Akaniuliza kama Katriena hukaa upande gani siku hizi. Nikamwonyesha upande wa nyuma, ambako kulikuwa na kamba yangu, imefungwa kwenye ubao niliokwisha kuushusha majini.

Nikaivuta. Pezi likasimama juu ya maji. Nakiri, hata mimi kwa pumzi moja niliamini.

Attie akasimama kule juu akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika mashua nzima, “Fanus, miaka thelathini nipo baharini, sijaona papa anayeogelea kinyumenyume.”

Nilikuwa nimefunga kamba upande usiofaa. Mikato ya nyuma ilikuwa inakuja mbele. Wageni wakacheka. Nahodha akageuka kuficha uso. Ningeweza kuvumilia yote hayo. Lakini nilikuwa nimefikiria juu ya maji tu, nikasahau kwamba aliye kizimbani anatazama kutoka chini.

Rozelle alikuwa chini ya maji, ndani ya kizimba. Ubao ukapita juu ya kichwa chake, upande uliochongwa ukimtazama. Rozelle, miaka minne. Rozelle, miaka saba. Rozelle, miaka tisa.

Alipotoka hakucheka wala hakunigombeza. Alivua barakoa akakaa karibu na ndoo zangu, na ile harufu yote. Akalia. Nami nikalia. Attie akashuka na supu, vikombe viwili, akaviweka kati yetu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baadaye Rozelle akasema, “Baba, ungeniambia njoo tu. Ningekuja.”

Neno fupi hivyo. Sijui kwa nini halikunijia.

Ijumaa, 7 Juni
Ameondoka na basi la saa nne asubuhi. Ameng'oa pezi kwa nyundo yangu, akauchukua ubao. Utakwenda Ireland. Akaniambia nikitaka kumsindikiza uwanja wa ndege tarehe ishirini, nimtumie ujumbe wa neno moja tu, “nataka”, naye atanikatia tikiti ya basi. Nikamwambia nitaangalia ratiba ya kazi.

Sina ratiba. Kila mtu Kleinbaai anajua sina.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani mchungaji alihubiri juu ya ukweli. Attie aligeuka kunitazama mara mbili.

Nimerudi, nikakaa jikoni na simu. Nikaandika: nataka. Nikalitazama. Linaonekana kama mtu aliyesimama uchi barabarani. Nikafuta. Nikaandika: mwanangu, nyumba ni kubwa. Nikafuta.

Mwishowe nikatuma huu: Usiondoke bado. Katriena ameonekana tena, wa kweli safari hii. Ana mtoto.

Hajajibu. Fremu ya stoo ilikuwa bado na ubao wa upande wa pili, nimekwisha kuung'oa. Nakata mapezi mawili, kubwa na dogo. Mbele nimechora mshale.